Ramani Ukutani, Maneno Hakuna: Kisa cha Compass Players

Nyuma ya jukwaa palikuwa na karatasi imebandikwa ukutani. Ilitaja nani anaingia, anakutana na nani, wanagombania nini, na kipande kinaishia wapi. Basi. Maneno yenyewe hayakuandikwa popote. Mwigizaji aliisoma, akavuta pumzi, akatoka mbele ya watu walioshika glasi za bia, na kuanzia hapo alichobaki nacho ni masikio yake na mwenzake aliyesimama mbele yake.

Hivyo ndivyo Compass Players walivyofanya kazi kuanzia Julai 1955, katika baa ya Mtaa wa 55, kitongoji cha Hyde Park, mjini Chicago. Kundi lilikuwa dogo, na pale Chicago halikufikisha hata miaka miwili. Lakini mchukue mtu yeyote anayepanda jukwaani leo bila skripti na kuomba watazamaji wampe neno moja la kuanzia. Muulize nani alimfundisha, na huyo naye alifundishwa na nani. Ukifuata mnyororo huo hadi mwisho, mara nyingi utajikuta kwenye mlango wa baa ile.

Mimi niko katika kundi la watu sita linaloigiza papo kwa papo. Huu ni mwaka wetu wa tisa. Kazi hii naipenda kwa namna nisiyoweza kuificha, na kisa cha Compass nakirudia kama mtu anavyorudia barua ya mzazi wake. Kuna jambo ndani yake linaniuma kila mara: mtu aliyelianzisha kundi alikuwa akitafuta kitu fulani, hakukipata, na katika kutafuta akatuachia sisi kitu kingine kabisa.

Kabla ya baa, kulikuwa na watoto.

Viola Spolin alizaliwa Chicago mwaka 1906. Kati ya 1924 na 1927 alikuwa mwanafunzi wa Neva Boyd pale Hull House, nyumba ya huduma za jamii iliyoanzishwa na Jane Addams na Ellen Gates Starr mwaka 1889 katikati ya mitaa ya wahamiaji. Boyd aliuchukulia mchezo kwa uzito wote. Kwake, mtoto anayecheza alikuwa anajifunza kuishi na wenzake, kushika kanuni, na kushindwa bila kununa. Spolin aliondoka na imani hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati serikali ya Marekani ilipokuwa ikiwapa watu kazi kupitia miradi ya WPA kwa sababu ya mdororo mkubwa wa uchumi, alipewa jukumu la kusimamia maigizo ya watoto na watu wazima katika mitaa ya namna hiyohiyo. Watu wale walitoka nchi mbalimbali, na lugha zao hazikupatana. Kuwagawia karatasi za kukariri kusingesaidia kitu. Akabuni michezo.

Niusimulie mmoja, maana bila kuuona huwezi kuelewa mengine. Unaitwa mchezo wa kioo. Watu wawili wanasimama wakitazamana. Mmoja ni mtu, mwingine ni kioo chake. Mtu anainua mkono polepole, kioo nacho kinainua. Anageuza shingo, kioo kinageuza. Baada ya muda mwalimu anaita, "Badilishaneni!" Aliyekuwa kioo sasa ndiye mtu. Wito unarudiwa, tena na tena, kila mara kwa haraka zaidi, hadi wote wawili wanaongoza na wote wawili wanafuata. Hakuna neno linalosemwa, kwa hiyo mtoto aliyefika mjini wiki iliyopita yuko sawa na aliyezaliwa hapo.

Siri ya Spolin ni kwamba hakumwambia mtu aonyeshe hisia. Mwambie mtoto "onyesha huzuni," atakukunjia uso. Mpe kazi, abebe ndoo isiyoonekana iliyojaa maji na asimwage hata tone, na mwili wake utasahau kwamba unatazamwa. Mikono inakaza, hatua zinafupika, macho yanabaki kwenye maji. Hapo ndipo mwigizaji anapozaliwa. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, kwa watu wazima walioapa kwamba hawajui kuigiza, na halijawahi kunichosha.

Mtoto wa kiume wa Spolin, Paul Sills, alizaliwa mwaka 1927 na akakulia ndani ya michezo hiyo. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Chicago alikusanya marafiki waliopenda maigizo kuliko masomo, na mwaka 1953 yeye, David Shepherd na Eugene Troobnick walifungua Playwrights Theatre Club, ghorofani juu ya mkahawa wa Kichina. Katika miaka miwili waliigiza tamthilia zaidi ya 20, wakianza na ya Bertolt Brecht, mwandishi wa Ujerumani. Mwaka 1955 ukumbi ulifungwa kwa sababu ya kanuni za jiji kuhusu moto.

Shepherd ndiye ninayemfikiria zaidi. Alizaliwa mwaka 1924 katika familia yenye uwezo, akasoma, akasafiri, na akayachoka maigizo ya New York yaliyowahusu watu wachache na kuchezwa mbele ya watu wachache haohao. Alitaka mahali ambapo mfanyakazi wa kiwandani angeingia na nguo zake za kazi, aagize bia, awashe sigara, kisha aone maisha yake mwenyewe jukwaani: kodi ya nyumba, bosi, mke, bei ya nyama. Alizitazama baa za Ulaya zilizokuwa na maigizo na nyimbo za kukosoa wakubwa. Alitazama pia commedia dell'arte ya Italia, vikundi vilivyozunguka vikiwa na vinyago na mkondo wa hadithi tu, huku maneno yakibuniwa palepale mbele ya watu. Karatasi ya ukutani ilitokana na wazo hilo. Tamthilia inachukua mwaka kuandikwa. Ukiwa na ramani tu, kisa cha Jumatatu kinaweza kupanda jukwaani Ijumaa.

Kwa hiyo Compass ilizaliwa na wazazi wawili wasiofanana: ndoto ya Shepherd kuhusu wafanyakazi, na michezo ya Spolin iliyoletwa na mwanawe. Spolin mwenyewe alirudi Chicago mwaka huo wa 1955 na kuendesha mafunzo kwa kundi.

Usiku ulikuwa na mpangilio wake. Kulikuwa na sehemu iliyoitwa Living Newspaper, yaani Gazeti Hai: waigizaji walishika gazeti, mmoja akasoma habari au tangazo, wenzake wakaigiza walichosikia. Kisha kikaja kisa kirefu cha kufuata ramani, nacho kilibadilika mara kwa mara. Mwisho watazamaji walitaja mambo wanayotaka kuyaona, waigizaji wakajitenga kidogo nyuma, wakarudi na vipande. Jina la kundi nalo lilikuwa na maana. Compass ni dira: walitaka kuonyesha jamii inaelekea upande gani.

Ila dira iliwekwa Hyde Park, hatua chache kutoka chuo kikuu. Nani alikuja? Wanafunzi, na walimu wao. Watu waliosoma vitabu vya Freud, yule mchunguzi wa nafsi, na kugombana na wazazi wao kwa barua. Wafanyakazi ambao Shepherd aliwangoja hawakuja kwa wingi alioutaka, na vipande vikaanza kufuata waliokuja: vijana kwenye miadi ya kwanza, mama anayemlaumu mwanawe, msomi asiyeweza kusema jambo rahisi. Vilikuwa vipande vizuri sana. Havikuwa vile alivyoviota. Kwa miaka mingi baadaye Shepherd aliendelea kulisema hilo kwa masikitiko, na mimi niko upande wake. Mtu anaweza kufanikisha jambo kubwa na bado akawa na haki ya kulilia lile aliloshindwa.

Waliopita katika Compass ni orodha ya ajabu: Elaine May, Mike Nichols, Barbara Harris, Severn Darden, Roger Bowen, Andrew Duncan, Shelley Berman. Wakati huo hakuna aliyewajua nje ya mtaa ule.

Nichols alizaliwa Berlin mwaka 1931 kwa jina la Michael Igor Peschkowsky, na alifika Marekani mwaka 1939 akiwa mtoto aliyekuwa akiwakimbia Wanazi. May alizaliwa Philadelphia mwaka 1932, na baba yake alikuwa mwigizaji wa tamthilia za Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Walikuwa wameonana kidogo pale chuoni bila kupendana. Kisha jioni moja Nichols akamkuta May amekaa kwenye benchi katika kituo cha treni za Illinois Central. Akamsogelea, na kwa lafudhi nzito ya kigeni akamwomba ruhusa ya kukaa. May angeweza kumtazama kama mtu anavyomtazama mwenda wazimu. Badala yake alimjibu kwa lafudhi ileile, kana kwamba alikuwa akimngoja. Wakaendelea hivyo kama majasusi wawili waliokutana kwa siri, na abiria wakiwazunguka. Hawakupanga. Hakuna aliyesema "tuigize." Mmoja aliweka kitu mezani, mwenzake akakipokea.

Nikiulizwa sanaa hii ni nini, huwa natoa mfano wa benchi lile kabla ya kutaja ukumbi wowote.

Nichols hakuanza vizuri Compass. Alitoka kusoma uigizaji New York kwa Lee Strasberg, na mwanzoni alihangaika. Ilimchukua muda hadi akajipata. Kilichomwokoa kilikuwa ni kucheza na May. Baadaye alikuwa akisema kwamba kila onyesho ni mojawapo ya mambo matatu: ugomvi, utongozaji, au mapatano. Ukikwama jukwaani, jiulize uko katika lipi. Nimeutumia ushauri huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na umenivusha.

Walikuwa na kipande cha vijana wawili ndani ya gari usiku. Viti viwili tu, hakuna gari. Msichana anavuta sigara, mvulana anazungumza mambo yasiyo na kichwa wala miguu kwa sababu ya woga. Hatimaye wanabusiana, na wakiwa bado midomo imegandana, msichana anaachia moshi pembeni ya mdomo, maana alikuwa ameubana kifuani muda wote. Watu waliangua kicheko, lakini tazama kinatoka wapi. Si utani. Hakuna aliyetaja neno la kuchekesha. Mwili wa msichana umekumbuka kwamba sigara ikishavutwa, moshi lazima utoke, hata kama hujawahi kubusiwa maishani. Ni ileile ndoo ya maji.

Kipande kingine kiliitwa Pirandello, kwa heshima ya mwandishi wa Italia. Kilianza na watoto wawili wanaocheza baba na mama. Taratibu watoto wakawa wazazi wenyewe wakigombana. Kisha ugomvi ukapenya na kuwa ugomvi wa waigizaji, Mike na Elaine, mbele za watu, hadi watazamaji wakaanza kujiinamia kwa aibu wakiamini kwamba mambo yameharibika kweli. Mpaka wanatambua kwamba hata hilo lilikuwa sehemu ya igizo, mioyo yao ilikuwa imeshapiga mbio. Nani mwingine alikuwa na ujasiri wa kuwapeleka wanywaji wa bia mahali kama hapo?

Sitaki kulipamba kundi kupita kiasi. Lilikuwa na mvutano, na mvutano mkubwa ulihusu kicheko. Sills aliondoka kwenda Uingereza kwa masomo miezi michache baada ya ufunguzi, na kundi likabaki likijitafuta. Mtu akishaonja ukumbi mzima ukicheka, kesho yake anataka tena, na njia fupi ni kurudia kilichochekesha jana. Kipande kinachorudiwa kinanolewa, kinapendeza, na polepole kinaacha kuwa cha papo kwa papo. Shelley Berman alipenda kucheza peke yake, na kwa kuwa hakuwa na mwenzake jukwaani akabuni mazungumzo ya simu, yeye akiwa upande mmoja tu wa waya. Mtindo huo ulimfikisha mbali. Santuri yake ya mwaka 1959 iliuzwa sana. Wenzake wengine hawakuufurahia. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na hoja, lakini moyo wangu uko kwa waliotaka kusikilizana.

Nina sababu. Katika mwaka wangu wa kwanza, usiku mmoja, mwenzangu aliingia jukwaani amekumbatia hewa kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alitembea kwa uangalifu, kiganja kimoja kikikinga kichwa kisichoonekana. Akaninyoshea na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mshike mwanao, amelala." Mimi nikasema, "Huyo si mtoto, hilo ni boga." Ukumbi ulicheka. Kicheko kilikuwa kikubwa, na nilikisikia. Lakini nilichokiona ni mikono ya dada yule, bado imejikunja palepale hewani, hajui tena imebeba nini. Hakuwa na mtoto wala boga. Tulihangaika dakika nne nyingine, kila mmoja akivuta upande wake, hadi taa zikazimwa. Nilimwomba radhi tukiwa nyuma ya pazia. Alinijibu kwa upole, "Ungempokea mtoto yule, tungefika mbali." Ni miaka minane sasa, na bado namwona amesimama vile.

Kosa langu lilikuwa na jina tayari, na lilipewa jina hilo na watu wa Compass wenyewe. Mwaka 1957, baada ya kundi la Chicago kufunga, tawi lilianzishwa katika mji wa St. Louis kwenye ukumbi wa Crystal Palace, likiongozwa na Theodore Flicker. Huko akajiunga kijana aliyeitwa Del Close. May na Nichols nao walifika. Flicker na May walikuwa wakikaa jikoni asubuhi wakichambua onyesho la usiku uliopita: kwa nini hiki kilikwenda, kwa nini kile kilikufa? Kutokana na mazungumzo hayo zikatoka kanuni ambazo hadi leo zinaitwa kanuni za jikoni. Usikanushe ukweli ambao mwenzako ameuleta. Ukiwa na njia mbili, chagua ile ya kutenda. Na chochote kikitokea jukwaani, kiwe kimekusudiwa au kimeteleza, ni kazi yako kukipa maana.

Ya kwanza ndiyo niliyoivunja. Mtu akisema paukwa, mwenzake huitikia pakawa, hasemi "leo sina hadithi." Wakati May na Flicker wanakubaliana hayo jikoni, waliyaona kama dawa ya vipande vilivyokufa. Hawakuwa wakitunga falsafa. Nafikiri ndiyo maana kanuni hizo zimedumu: zilitoka kwa watu waliochoka, waliokuwa na onyesho lingine usiku uleule.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Nichols na May walihamia New York, wakaingia kwenye televisheni mwaka 1958, na Oktoba 1960 wakafungua onyesho lao Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za jiji hilo, nalo likachezwa mara 306. Baadaye Nichols akawa mwongozaji wa filamu aliyeshinda tuzo ya Oscar, na May naye akaongoza filamu zake. Flicker alianzisha The Premise, kundi jingine la papo kwa papo, mjini New York. Sills aliporudi Chicago, yeye, Bernard Sahlins na Howard Alk walikodi jengo lililokuwa la dobi Mchina katika Mtaa wa Wells, na tarehe 16 Desemba 1959 wakafungua ukumbi wao wa maigizo, The Second City. Bowen, Darden, Duncan, Harris na Troobnick walikuwemo katika kundi la kwanza. Mwaka 1963 Spolin alichapisha michezo yake katika kitabu ambacho walimu wa maigizo wanakitumia hadi leo. Del Close alitumia sehemu kubwa ya maisha yake, hadi alipofariki mwaka 1999, akifundisha kwamba uigizaji wa papo kwa papo unaweza kusimama wenyewe bila kuwa njia tu ya kutafutia vipande vya kuandika.

Wengi wakisimulia kisa hiki huishia hapo, kwenye Broadway na Oscar. Mimi huvutwa kurudi kwa Shepherd. Hakuacha. Katika miaka ya 1970 alikuwa bado akibuni njia za kuwarudishia watu wa kawaida mchezo huu, yakiwemo mashindano ya ImprovOlympic, ambapo timu za watu wasio waigizaji wa kulipwa zingecheza kama timu za mpira. Alifariki mwaka 2018, akiwa na miaka 94. Wakati huo watu walikuwa wakilipia ada kujifunza, madarasani, kile alichotaka kiwe kwenye baa ya wafanyakazi.

Na baa zenyewe? Sehemu kubwa ya zile zilizojipanga Mtaa wa 55 zilibomolewa katika mpango wa kuijenga upya Hyde Park, ulioanza miaka hiyohiyo ya 1950.

Wiki iliyopita tulikuwa na mazoezi, na mgeni mmoja alikuja kutazama. Ni fundi umeme, alikuwa amemsindikiza dada yake. Tulimwomba ajaribu mchezo wa kioo, akakataa, kisha akasimama. Alianza kwa kuinua bega moja tu, kwa aibu. Dada yake akainua la kwake. Baada ya dakika kama tano tulikuwa tumeacha kuwaita wabadilishane. Mikono yao ilipanda na kushuka pamoja, taratibu, na chumba kikawa kimya kabisa. Waliposimama nilimuuliza kaka yule nani alikuwa akiongoza pale mwishoni. Akamtazama dada yake, naye akawa anamtazama yeye.

"Mimi nilikuwa namfuata huyu," akasema.

"Mimi nilikuwa nakufuata wewe," dada yake akajibu.